Kumpeleka Hakimu Mahali pa Tukio

 Somo letu la leo ni la historia, lakini si habari ya wafalme wala ya vita. Ni habari ya shida moja ya mahakama, na ya vyombo ambavyo watu wamevibuni ili kuipunguza. Kila mmoja awe na daftari na kalamu karibu, maana mtachora kidogo.

Shida yenyewe ni hii. Mtu ameuawa usiku nyumbani kwake. Polisi wanafika asubuhi, na majirani wamekwisha kuingia na kutoka mara ishirini. Kesho yake maiti inazikwa. Siku ya tatu sakafu inaoshwa, na kabla mwezi haujaisha mvua imezifuta nyayo zote uani. Kisha mwaka unapita, au miwili, ndipo kesi inasikilizwa, tena mjini, mbali na pale. Shahidi anasimama na kusema, "Nilikuwa mlangoni, nikamwona kwa macho yangu." Je, hakimu atajuaje kama kutoka mlango ule mtu aweza kukiona kitanda? Huenda kabati lilikuwa katikati. Huenda taa ilikuwa chumba cha pili. Hakimu hakuwapo, na chumba hakiwezi kupakiwa garini kikaletwa mbele yake.

Haya, chukueni kalamu. Chora chumba mlimo sasa, kama ungekuwa ndege unayekitazama kutoka juu. Andika herufi A penye mlango, B penye taa, na C mahali ulipoketi wewe. Usimtazamie jirani yako.

(Hapa redio itanyamaza dakika tatu.)

Mmemaliza? Sasa badilishaneni daftari. Nadhani wengi mmeona jambo la kuchekesha: watu walioketi chumba kimoja wamechora vyumba mbalimbali. Mmoja amesahau dirisha. Mwingine amekiweka kiti chake karibu na mlango kuliko kilivyo kweli. Hakuna aliyekusudia kusema uwongo. Mchoro kama huo ndio ambao askari mpelelezi huuchora anapofika penye tukio, akautia herufi zake, na mahakamani hupokelewa kuwa kielelezo. Huitwa ramani ya tukio. Ni chombo cha kale katika kazi hii, nacho chafaa sana, ila kina neno moja: huonyesha yale tu aliyoyaona na kuyakumbuka yule aliyechora.

Basi watu wakatafuta chombo kisichosahau. Mwaka 1879, katika mji wa Paris, nchi ya Ufaransa, kijana mmoja aitwaye Alphonse Bertillon aliandikwa kazi ya ukarani katika polisi. Alikuwa mtu wa vipimo. Alianza kwa kuwapima wafungwa, kichwa, mkono, mguu, apate kuwatambua wakirudi na majina mengine. Baadaye akaigeukia kamera. Siku zile wapiga picha wa polisi walipiga walivyopenda, mmoja karibu, mmoja mbali, na picha haikuweza kueleza kama kisu kilikuwa hatua moja au hatua tatu kutoka kwa marehemu. Bertillon akatengeneza kamera yenye miguu mirefu kupita kimo cha mtu, ikaangalia chini moja kwa moja juu ya maiti. Picha ikabandikwa katika kadi yenye mistari ya vipimo pembeni, hata mtu aliyekuwa ofisini, ambaye hakukanyaga chumba kile, akaweza kuhesabu ni mita ngapi toka kisu hata mkono. Hapo kwa mara ya kwanza mahali pa tukio palianza kusafiri.

Lakini sikilizeni na upande wa pili wa Bwana huyu, maana ni upande wenye mafunzo. Mwaka 1894 ofisa wa jeshi la Ufaransa, Kapteni Alfred Dreyfus, Myahudi, alishtakiwa kuwauzia Wajerumani siri za jeshi. Ushahidi ulikuwa barua moja isiyo na jina. Bertillon hakuwa bingwa wa mwandiko, lakini aliitwa kwa sababu ya sifa zake. Akaja na michoro, mistari na hesabu nyingi, akasema barua ni ya Dreyfus, na kwamba pale ambapo mwandiko haufanani na wake, Dreyfus mwenyewe aliugeuza kwa hila. Fikirini kidogo: ukifanana ni wake, usipofanana pia ni wake! Dreyfus akahukumiwa, akapelekwa kufungwa katika kisiwa cha mbali pwani ya Amerika ya Kusini. Mwaka 1904 wanahisabati wakubwa, na Henri Poincaré mmojawapo, waliichunguza hesabu ile wakaona haina thamani yo yote. Dreyfus alisafishwa jina mwaka 1906, baada ya miaka kumi na miwili ya taabu. Barua ilikuwa ya ofisa mwingine. Kwa hiyo mtu yule yule aliyeipa mahakama picha yenye vipimo vya kweli, ndiye aliyeipa mahakama michoro yenye vipimo vya bure. Na kwa macho ya hakimu, vyote viwili vilionekana vya kitaalamu. Neno hili liwekeni moyoni, tutalihitaji mbele.

Sasa tuvuke bahari twende Marekani. Huko Chicago alizaliwa mwaka 1878 binti wa tajiri mmoja wa kiwanda cha mashine za kilimo, jina lake Frances Glessner, na alipoolewa akawa Bibi Lee. Ndugu yake alipelekwa chuo kikuu cha Harvard. Yeye hakupelekwa, maana kwao haikuwa kazi ya mwanamke. Akafundishwa kushona, kufuma, na kupanga nyumba. Ndugu yake alikuwa na rafiki, Dakta George Magrath, daktari wa kuchunguza maiti katika mji wa Boston, na kwa kumsikiliza huyo Bibi Lee alijua jambo lililomkera: mara nyingi kesi huharibika katika saa ya kwanza, kwa sababu askari anayefika mbele hajui kutazama. Anaisogeza maiti. Anakiokota kikombe. Anaamua moyoni kwamba marehemu amejiua, kisha haoni tena kitu kinachopinga uamuzi wake.

Mama huyu alitoa fedha Harvard wakafungua idara ya elimu ya maiti na sheria, mwaka 1931. Kisha, umri wake ukiwa umepita miaka sitini, akafanya kazi ambayo ndiyo iliyomletea sifa. Alijenga nyumba za wanasesere, kama zile za kuchezea watoto, lakini ndani ya kila moja kulikuwa na kifo. Kila inchi moja ilikuwa badala ya futi moja. Seremala wake alitengeneza milango yenye vitasa vinavyofunga kweli. Taa ziliwaka. Soksi za wanasesere alizifuma mwenyewe kwa sindano nyembamba kama pini. Maiti alizipaka rangi sawasawa na madaktari walivyomweleza, maana mwili wa mtu hubadilika rangi kwa kadiri ya muda na namna ya kifo.

Chukueni nyumba moja, jikoni. Mwanamke amelala sakafuni, amekufa. Jiko ni la gesi, na gesi imefunguliwa. Milango imezibwa nyufa zake kwa magazeti. Mume anasema alikwenda mjini kwa shughuli, aliporudi akakuta mlango umefungwa. Askari mwenye haraka ataandika: amejiua. Lakini tazama tena. Kuna mkate ndani ya jiko. Kuna viazi, vingine vimekwisha kumenywa. Mwanamke aliyekusudia kufa saa hiyo, je, atakaa kumenya viazi? Pengine ndiyo, mtu akihangaika hufanya mambo mengi. Pengine siyo. Bibi Lee hakutaka wanafunzi wake wabahatishe jibu. Alitaka waone viazi.

Kuanzia mwaka 1945 alikusanya maofisa wa polisi Harvard, juma zima la masomo. Kila mwanafunzi alipewa dakika 90 kutazama, na maagizo ya kuanza upande wa kushoto na kuzunguka kama mishale ya saa, toka ukutani kuingia katikati, asije akaruka kitu. Mwisho wa juma aliwakaribisha wote karamu katika hoteli ya Ritz-Carlton ya Boston, naye hakufanya ubahili. Polisi wa jimbo la New Hampshire walimpa cheo cha kapteni. Alifariki mwaka 1962. Idara ya Harvard ilipofungwa, nyumba zile zilihamishiwa Baltimore, kwa daktari mkuu wa kuchunguza maiti wa jimbo la Maryland, ambako nyumba kumi na nane zimeendelea kufundishia wapelelezi. Majibu yake yamefichwa hata leo.

Mnaona mambo mawili katika kazi ya mama huyu. Kwanza, chumba sasa hakikuwa karatasi tena. Mtu aliweza kuinama, akachungulia upande huu na upande huu. Pili, yeye mwenyewe hakudai kwamba ni chumba cha kweli. Visa vyake alivitengeneza kwa kufundishia, akichanganya habari za kesi mbalimbali. Hakuna mtu aliyehukumiwa kwa nyumba ya mwanasesere.

Mambo yakabadilika kompyuta zilipokuja. Mwaka 1968 Ivan Sutherland, mwalimu aliyefanya kazi Harvard hiyo hiyo, alieleza chombo cha kuvaa kichwani chenye vioo viwili vidogo mbele ya macho. Kiliunganishwa na kompyuta, na ukigeuza kichwa, mistari ya mwanga uliyoiona nayo iligeuka, kama vile kitu kilikuwapo mbele yako. Kilining'inizwa darini. Kilichochorwa kilikuwa mistari tu, si chumba chenye viti na mapazia. Lakini wazo lilikuwa limezaliwa: usimletee mtu picha atazame, mtie ndani ya picha. Vizazi vya baadaye vya chombo hicho ni miwani minene inayofunika macho yote, na mambo yanayoonekana humo huitwa uhalisia pepe, "pepe" ile ile ya barua pepe.

Miwani peke yake haitoshi. Ni lazima chumba kipimwe. Kazi hiyo hufanywa na mashine inayowekwa juu ya miguu mitatu katikati ya mahali pa tukio. Mashine huzunguka polepole na kutupa mwanga wa leza kila upande. Mwanga hugonga ukuta ukarudi. Kwa kuwa mwendo wa mwanga unajulikana, kilometa kama 300,000 kwa sekunde moja, mashine huhesabu muda wa kwenda na kurudi, ikajua umbali. Hufanya hivyo mara mamilioni, na kila nukta huwekwa katika kompyuta. Nukta zote zikikusanyika, chumba kinaonekana, pamoja na kile kiti ambacho hakuna askari aliyekijali siku ile. Lakini angalieni: mashine hupima kile ambacho mwanga umekigonga. Nyuma ya mlango uliofunguliwa hakuna nukta, mpaka mashine ihamishwe. Wala haipimi kitu kilichokuwapo jana kikaondolewa.

Je, chombo hiki kimewahi kutumika katika jambo zito? Ndiyo, nami nitakaa hapa kidogo.

Katika vita kuu ya pili Wajerumani wa chama cha Nazi walijenga kambi ya Auschwitz katika nchi ya Poland waliyokuwa wameiteka. Waliuawa humo watu zaidi ya milioni moja na laki moja, karibu milioni moja wao wakiwa Wayahudi, wengi kwa gesi. Kambi ilikombolewa Januari 1945. Miaka mingi baadaye walinzi waliosalia hai walikuwa wazee sana, na wengi wao walijitetea kwa maneno mamoja: "Nilikuwa mlinzi tu. Nilisimama mnarani. Sikujua yaliyokuwa yakitendeka." Kwa muda mrefu mahakama za Ujerumani zilitaka kwanza kuonyeshwa mauaji maalumu ambayo mlinzi aliyatenda kwa mkono wake. Hukumu iliyotolewa Munich mwaka 2011 ilifungua njia nyingine: aliyelinda kambi ya mauaji, naye akijua kazi yake, amesaidia mauaji. Basi swali likawa moja. Alijua? Na kabla ya hilo, aliweza kuona?

Kwenda Auschwitz kutazama hakukutosha. Wanazi walipoondoka walivilipua vyumba vya gesi, na majengo mengi ya mbao yametoweka. Ukipanda mnarani leo unaona uwanja wa majani na mabomba ya moshi yaliyobaki. Kwa hiyo polisi wa upelelezi wa jimbo la Bavaria, kazi ikiongozwa na Bwana Ralf Breker, waliijenga kambi upya ndani ya kompyuta. Mwaka 2013 walikwenda na mashine ya leza wakapima yaliyosimama. Yaliyobomolewa waliyatafuta katika ramani za wajenzi na katika picha za zamani zaidi ya elfu moja. Na jambo lililonivutia kuliko yote, waliiweka miti. Kwa nini miti? Kwa sababu mti unaweza kumkinga mtu asione. Kama mpelelezi angeiacha, mzee aliyeshtakiwa angeonekana ameona zaidi kuliko alivyoona kweli, na hiyo ingekuwa dhuluma, hata kwa mtu kama huyo. Anayevaa miwani huweza kusimama mnarani, akageuza kichwa, akajua ni kitu gani kilikuwa wazi mbele ya macho na kipi kilifichika.

Kambi hiyo ya kompyuta ilitumika katika kesi ya Reinhold Hanning, katika mji wa Detmold, mwaka 2016. Alikuwa na miaka 94. Kompyuta haikusema neno juu ya moyo wake. Wazee waliookoka Auschwitz walikuja wakasimama mbele yake wakaeleza yaliyowapata. Naye mwenyewe, mwezi wa Aprili, alikubali kwamba alijua watu wanauawa, hakufanya kitu, na kwamba anaona aibu. Tarehe 17 Juni 2016 alihukumiwa kifungo cha miaka mitano kwa kusaidia mauaji ya watu wasiopungua 170,000. Alikata rufani, akafa mwaka 2017 kabla rufani haijaamuliwa.

Hapa pengine mmoja wenu ananiuliza, "Basi siku hizi hakimu hana haja ya kutoka?" Anayo. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyokaa Arusha hata mwaka 2015, ilisikiliza kesi za mauaji ya 1994, na zaidi ya mara moja majaji waliondoka Arusha wakaenda Rwanda kukanyaga mahali palipotajwa na mashahidi. Tena Januari 2012, majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, walioketi Uholanzi, walisafiri mpaka kijiji cha Bogoro, katika Ituri nchini Kongo, ambako watu wengi waliuawa tarehe 24 Februari 2003. Mlima ni mrefu kiasi gani, njia ni ndefu kiasi gani kwa mguu, mambo hayo walitaka kuyajua kwa miguu yao. Lakini miaka tisa ilikuwa imepita, na wala miguu ya jaji haiwezi kukanyaga mwaka 2003. Ndiyo maana vyombo vyote viwili, viatu na miwani, vina kazi.

Kuna jambo moja zaidi, nalo latuhusu sisi kwa karibu. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni ushahidi dhaifu, usitegemewe mpaka hakimu aondoe mashaka yote ya kukosea. Aulize: shahidi alimtazama kwa muda gani? Kwa umbali gani? Ulikuwa usiku au mchana, na mwanga ulikuwaje? Alimfahamu mtu huyo tangu zamani? Sasa fikiri kesi ya usiku, nyumba yenye kibatari kimoja. Umbali, kompyuta itaupima sawasawa kabisa. Lakini mwanga? Kibatari kilizimika siku ile ile. Mwanga ndani ya miwani utawekwa na fundi. Akiuongeza kidogo, shahidi anaona uso. Akiupunguza, anaona kivuli tu. Na yule anayevaa miwani hatambui kipi kimepimwa na kipi kimekisiwa, kwa sababu vyote vimepakwa rangi moja. Bertillon na michoro yake ya mwandiko hawako mbali.

Mwezi wa Desemba 2024, katika jimbo la Florida huko Marekani, hakimu mmoja alivaa miwani hiyo mahakamani. Mshtakiwa alidai kwamba alitoa bunduki kujilinda, na mawakili wake walimwonyesha hakimu ukumbi na watu wenye hasira, kama ulivyokuwa kwa macho ya mshtakiwa. Zingatieni, kwa macho ya mshtakiwa. Na picha ililetwa na upande wake. Kambi ya Auschwitz ilipimwa ili kujua mtu aweza kuona nini akisimama mahali fulani. Hii ya Florida ilieleza pia watu walisimamaje na walifanya nini, na hayo hayapimwi kwa leza. Hutoka katika kinywa cha mtu. Mimi nafikiri ni vitu viwili mbalimbali, ingawa miwani ni ile ile. Katika kesi ya namna hiyo wakili wa upande wa pili hana budi kumsimamisha fundi na kumwuliza jambo moja moja: kiti hiki umekipima, au umeambiwa? Na huyu mtu aliyeinua mkono, mkono wake umeupata wapi?

Katika vikundi vyenu jadilianeni hivi: kama ninyi mngekuwa mahakimu wa ile kesi ya jikoni ya Bibi Lee, ni vitu gani vitatu mngetaka vipimwe kabla ya vingine vyote, na kwa nini? Andikeni majibu kwa sentensi kamili.

Juma lijalo tutasoma juu ya alama za vidole, na ofisi ya kwanza ya alama hizo iliyofunguliwa Calcutta, nchi ya India, mwaka 1897. Kwa herini.